Mwalimu anayekosea mbele ya darasa

Mtoto wa Dongobesh, wilayani Mbulu, anapoingia kidato cha kwanza ana lugha mbili kamili kichwani. Ya kwanza, Kiiraqw, aliipata akiwa mgongoni mwa mama yake. Ya pili, Kiswahili, aliikuta shuleni, mnadani na kanisani, akaimudu hadi akafaulu nayo mtihani wa darasa la saba. Kisha Januari inafika, anapangiwa dawati, na kuanzia hapo baiolojia, jiografia na hata historia ya nchi yake vinamjia kwa lugha ya tatu. Zipo wiki chache za kozi ya maandalizi ya Kiingereza, halafu masomo yanaanza kweli. Mwezi wa pili haujaisha, yule aliyekuwa wa kwanza kunyoosha kidole shule ya msingi hafumbui tena mdomo.

Katika wilaya ya Hanang hali ni hiyo hiyo, ila lugha za nyumbani zimezidi. Siku ya mnada pale Katesh, chini ya mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, utasikia Kidatoga cha Wabarbaig, Kiiraqw, Kinyaturu, Kinyiramba na Kirangi, vyote katika mstari mmoja wa wauza ng'ombe. Ongeza Wahadzabe wa bonde la Yaeda upande wa Mbulu, na utakuta wilaya hizi mbili zimekusanya Kikushi, Kiniloti, Kibantu, na Kihadza ambacho wataalamu wa lugha hawajakipatia ndugu. Mkusanyiko wa namna hii ni adimu barani Afrika. Mfugaji asiyewahi kukanyaga shule anaweza kupatana bei kwa lugha tatu kabla ya jua kuwa la utosi. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba watoto wa huku hawana kipaji cha lugha. Walicho nacho ni hofu.

Hofu hiyo ina vyanzo vinavyojulikana. Mwanafunzi akitoa sentensi ya Kiingereza iliyopinda, darasa zima linaangua kicheko. Akisema Kiswahili katika eneo la shule, kwenye shule nyingi atavishwa kibao shingoni na kutembea nacho mpaka amnase mwenzake aliyeteleza kama yeye. Kwingine ni fimbo, au kufyeka nyasi wakati wenzake wanacheza. Mtoto mwenye akili hujifunza upesi kwamba asiyesema hakosei, na asiyekosea haadhibiwi. Ndipo unapopata darasa la watoto sabini ambalo mwalimu akiingia linasimama na kuimba salamu ya Kiingereza kwa sauti moja, na likishakaa halitoi tena neno hadi kengele ya kutoka.

Katika ukimya huo ndimo anamoingia mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo. Anatoka Marekani, Norwe, Uingereza au Ujerumani, na mara nyingi ni kijana aliyemaliza chuo juzi. Shule humpokea kwa mikono miwili, na wazazi hujaza daftari la wageni. Nimewafuatilia walimu hawa kwa muda mrefu, wale waliosifiwa na wale waliosahauliwa kabla vumbi la gari lao halijatulia, na nimefikia kuamini kwamba thamani ya mwalimu mgeni haiko katika lafudhi yake. Iko katika kukubali kwake kuwa mwanafunzi wa Kiswahili, na ikiwezekana wa Kiiraqw au Kidatoga, hadharani, mbele ya watoto wale wale anaowafundisha. Asiyekubali hilo anatoa nusu ya alichonacho, na mara nyingine hata nusu hiyo haifiki.

Habari hii ya Kiingereza na wageni ni ya zamani. Kabla ya uhuru mtoto alisoma darasa la kwanza hadi la nne, akafanya mtihani wa mchujo, na wachache waliopenya wakaingia shule ya kati, darasa la tano hadi la nane. Nyingi zilikuwa za bweni na zilikuwa na mashamba, maana sera ya elimu ya wakoloni baada ya vita vya pili vya dunia ilitaka mwanafunzi wa shule ya kati ajue jembe. Humo ndimo Kiingereza kilimoanza kuwa lango: aliyetaka kuendelea na sekondari baada ya darasa la nane hakuwa na njia nyingine. Mbulu, serikali ya wenyeji na misheni ziligawana kazi ya kuendesha elimu. Mapadri Wapalotini kutoka Ireland walikuwa wameota mizizi. Jimbo Katoliki la Mbulu liliongozwa na Askofu Patrick Winters, naye Mpalotini, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipompisha Askofu Nicodemus Hhando, mtoto wa nchi. Upande wa Haydom, Walutheri wa Norwe walifungua hospitali mwaka 1955, na Daktari Olsen, aliyefika hapo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikaa miongo kadhaa. Hakuwa mwalimu wa Kiingereza, lakini leo Mbulu ina sekondari iitwayo Dr. Olsen, kama ilivyo na nyingine iitwayo Chief Sarwatt. Watu wa huku hawajali sana ulikotoka. Wanaangalia umeshuhudia mavuno mangapi ukiwa nao, na ukame mara ngapi.

Herman Sarwatt, mwenye jina hilo hilo, anastahili kutajwa, maana anaeleza tabia ya nchi hii. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilishinda viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, na aliyekitwaa ni Sarwatt, mwana-TANU aliyesimama kama mgombea binafsi baada ya chama kumteua mwingine. Wambulu walikuwa na mtu wao na walimpigia kura. Nalitaja hili kwa sababu katika habari za kujitolea, shule na vijiji huchukuliwa kana kwamba kazi yao ni kupokea tu chochote kinacholetwa. Hawa ni watu wanaojua kuchagua.

Uhuru ulipokuja Desemba 1961, Mwalimu Nyerere alirithi nchi ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe ya miaka ya baadaye, ilikuwa na wahandisi wawili na madaktari 12, na watu wazima 85 kati ya kila 100 hawakujua kusoma. Walimu wa sekondari walikuwa karibu wote wageni. Mwaka huo huo Chuo cha Ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilianza kuandaa walimu wa Kimarekani kwa ajili ya sekondari za Kenya, Uganda na Tanganyika. Peace Corps ya Marekani, taasisi ya wajitoleaji iliyoundwa na Rais Kennedy Machi 1961, iliifanya Tanganyika kuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea watu wake. Kundi la kwanza halikuwa la walimu, lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, kwa kuwa barabara ndiyo ilikuwa kilio. Walimu walifuata, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 vijana wa Kimarekani walikuwa wakifundisha Kiingereza vijijini katika madarasa ya juu ya shule za msingi, yaani zile zilizokuwa shule za kati.

Halafu upepo ukageuka, na uligeuka kwa haki. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kutumikia kwa sehemu tu ya mshahara. Nyerere aliwafukuza karibu 400, kisha akajikata mshahara wake mwenyewe. Fikiria picha hiyo: kijana wa kigeni anafundisha kijijini kwa posho, na msomi wa Kitanzania anakataa kutumikia kwa asilimia 40 ya mshahara. Machi 1967 ukatoka waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule yote ya msingi, darasa la nane likaondolewa, na shule ya kati ikabaki katika kumbukumbu za wazee. Peace Corps iliondoka nchini mwaka 1969 na haikurudi mpaka 1979.

Hanang ina sababu zake za kumtazama mgeni mwenye msaada kwa jicho la kupima. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa fedha na wataalamu wa Kanada, ililima ngano katika uwanda wa Basotu. Yalikuwa mashamba makubwa ya NAFCO, shirika la serikali la kilimo na chakula, yaliyofikia takribani ekari 100,000, yenye trekta na mashine za kuvunia ambazo wilaya haikuwahi kuziona. Ngano ilipatikana. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarbaig na pana makaburi ya wazee wao, na wafugaji waliofukuzwa walihangaika mahakamani kwa miaka. Wakanada wengi waliokuja walikuwa na nia njema, sina shaka nalo. Ila nia njema ilikuja na mpango uliokwisha kuandikwa, na wenye ardhi hawakuulizwa. Mwalimu wa kujitolea anayeshuka Katesh leo hajui habari hizi, na bibi anayempita barabarani akiwa na ndama anazijua zote.

Kiingereza nacho kimekuwa na misaada yake mikubwa. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari nazo zihamie Kiswahili. Pendekezo halikutekelezwa. Miaka miwili baadaye wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari nchini na kukuta kimeshuka kiasi kwamba wengi hawakuweza kujifunza kwacho somo lolote. Pamoja na hayo walishauri lugha iendelee na ufundishaji wake uimarishwe, na Uingereza ikaleta mradi wa vitabu na washauri. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jina ambalo Mmbulu hulitamka bila kujikwaa, ameeleza kwa miaka mingi kwamba kufundisha Kiingereza vizuri ni jambo moja na kufundisha kila kitu kwa Kiingereza ni jingine, na kwamba la pili linaliua la kwanza. Mimi niko upande wake. Lakini mtoto aliye kidato cha kwanza mwaka huu hawezi kusubiri mjadala wa taifa uishe, na mwalimu aliye mbele yake lazima afanye kitu kesho asubuhi.

Ndipo tunapofika kwenye shule za kata. Kuanzia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) wa mwaka 2004 kila kata ilitakiwa kuwa na sekondari yake, na wananchi wa Mbulu na Hanang walibeba mawe na mchanga kama wenzao nchi nzima. Madarasa yalisimama kabla walimu hawajapatikana. Wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa madarasani, watu wakawaita walimu wa voda fasta. Katika pengo hilo mwalimu wa kigeni alirudi kwa nguvu, safari hii kwa njia nyingi: mashirika ya serikali za nje, makanisa, vyuo, na kampuni zinazomtoza kijana fedha ili zimtafutie shule ya kufundisha kwa wiki mbili au tatu, katikati ya safari ya Ngorongoro na ufukwe wa Zanzibar.

Hawa wa wiki mbili ndio wananiumiza. Wengi ni vijana wema. Kinachotokea shuleni ni hiki: mwalimu wa Kiingereza, mwenye azimio la kazi na mada anayopaswa kuimaliza kabla ya muhula kufungwa, anaombwa akae pembeni ampishe mgeni. Mgeni hana silabasi na hajui wanafunzi wamefika wapi. Anafundisha wimbo, michezo, majina ya wanyama ambayo watoto walishayajua darasa la tatu. Darasa linafurahi kweli, kwa kuwa hakuna fimbo wala kibao. Kisha anaondoka, na mwalimu anarudi kwenye darasa ambalo sasa linamwona yeye ndiye mwalimu mkavu. Baada ya miezi miwili anakuja mwingine na wimbo ule ule. Aprili 1968 padri na mwanafikra Ivan Illich aliwaambia vijana wa Kimarekani waliojitolea Mexico, uso kwa uso, kwamba waje kutembea na kujifunza, lakini waache kuja kusaidia. Nilipomsoma mara ya kwanza nilimwona mkali kupita kiasi. Kwa hawa wa wiki mbili, alikuwa sahihi. Waje wapande Mlima Hanang, wanunue asali, walale kwenye nyumba za wageni za Katesh, walipe, wasikilize. Darasa waliache.

Anayekaa miaka miwili ni mtu mwingine. Wale wa Peace Corps, kwa mfano, kabla ya kugusa chaki huishi na familia ya Kitanzania kwa wiki kadhaa wakijifunza Kiswahili kutwa. Anafika shuleni akiwa na Kiswahili cha kubabaisha, na hapo ndipo kazi yake kubwa inapoanza, ingawa mwenyewe anaweza asijue. Anaita mahudhurio. Anakutana na Tluway, Hhando, Qamara, Slaa, na ulimi wake unagoma. Sauti zile hazimo katika Kiingereza, wala hazimo katika Kiswahili, ndiyo maana hata mwalimu aliyetoka Mtwara huzikwepa na kuwaita watoto kwa majina ya ubatizo. Mgeni anajaribu, anakosea, darasa linacheka. Anajaribu tena. Mtoto wa dawati la mbele anamsahihisha; mgeni anarudia, kosa linapungua, anaandika daftarini mwake.

Kwa watoto wale hilo ni jambo jipya kabisa. Hawajawahi kumwona mtu mzima, msomi, mwenye madaraka darasani, akikosea lugha mbele yao bila aibu na bila mtu kumwadhibu. Wamechekea makosa yake na hakuna aliyepigwa. Yeye mwenyewe amecheka. Kesho yake atawaambia kwa Kiswahili chake cha mguu mmoja kwamba leo ni zamu yao, na mmoja wao atathubutu. Nimeona walimu wenye shahada kubwa za ufundishaji wakitafuta mbinu ya kulifungua darasa bubu, na sijaona inayofanya kazi kama hii. Ila ina sharti: haiwezi kuigizwa. Watoto wanamtambua upesi anayejifunza kwa dhati na anayetafuta picha ya kupeleka kwao.

Faida haiishii kwenye ujasiri. Mgeni anayejifunza Kiiraqw anagundua kwamba hakina sauti ya z wala ya v. Hapo anaelewa kwa nini mwanafunzi wake anapoteleza katika maneno fulani ya Kiswahili na Kiingereza huteleza mahali pamoja, na anaacha kudhani ni uzembe. Anagundua pia kwamba Kiiraqw hutenganisha jinsi ya kike na ya kiume katika majina na vitenzi, jambo ambalo Kiswahili hakilifanyi. Mtoto anayechanganya “he” na “she” hachanganyi kwa sababu hajui tofauti. Anachanganya kwa sababu anafikiri kupitia Kiswahili, ambamo wote ni “yeye”. Mwalimu anayelijua hilo anaweza kumrudisha mtoto kwenye lugha ya mama yake, amwonyeshe kwamba kitu hicho anacho tayari. Hazina hii ipo katika kila darasa la Mbulu na karibu hakuna anayeitumia, kwa kuwa tumezoeshwa kuiona lugha ya nyumbani kama takataka inayopaswa kuachwa getini.

Na mada za kusoma zipo nje ya dirisha. Mbulu inalima vitunguu saumu vinavyosafirishwa mikoa mingi. Hanang ina alizeti, mbaazi, maharage, ngano. Mwalimu mmoja mzuri, Mtanzania au mgeni, anaweza kuandika na wanafunzi hadithi fupi ya Kiingereza kuhusu bei ya saumu kushuka, au ng'ombe aliyepotea njiani kutoka mnadani, ikabandikwa ukutani na kusomwa na kidato kinachofuata. Maneno mapya yanakaa kichwani kwa sababu mambo yenyewe yanajulikana. Mtoto anayepigana na sarufi na huku hajui treni ya chini ya ardhi ni nini amebebeshwa mizigo miwili kwa wakati mmoja.

Lakini hata mgeni bora ana mwisho wake. Machi 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea, Peace Corps iliwaondoa wajitoleaji wake wote duniani, takribani watu 7,000, ndani ya siku chache. Nchini mwetu pia waliondoka, mada zikiwa katikati, wengine bila hata kuaga darasa. Mahali ambapo mgeni alikuwa amefundisha peke yake, somo lilisimama naye. Mahali ambapo alikuwa akiandaa masomo pamoja na mwalimu mwenyeji, wakibadilishana zamu mbele ya darasa, kazi iliendelea. Hata ule mpango wa Columbia ulijifunza hivyo mapema: baada ya miaka michache ya kupeleka walimu wa sekondari, ulibadilishwa ukawa wa kufundisha walimu katika vyuo vya ualimu vya Afrika Mashariki.

Huyo mwalimu mwenyeji ni nani? Mara nyingi siku hizi naye ni wa kujitolea. Amemaliza shahada ya ualimu, na kwa kuwa tangu mwaka 2015 mhitimu hapangiwi tena kituo moja kwa moja, anasubiri ajira mwaka baada ya mwaka. Badala ya kukaa nyumbani anaenda kwa mkuu wa shule na kuomba vipindi. Anapewa posho inayotokana na wazazi pale wanapoweza, na tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 kwa Waraka Namba 5 wa mwaka 2015, shule haina uhuru wa kuchangisha kama zamani. Anapanga chumba, anajipikia, anatembea kilomita kadhaa kwenda shule, anasahihisha madaftari kwa mwanga wa simu. Akiumwa anajitibu mwenyewe. Mgeni anayefundisha darasa la jirani ana nyumba iliyotafutwa na shirika, ana posho ya uhakika, ana bima, na ana tiketi ya kurudi.

Silitaji hili ili kumsuta mgeni, maana hakuliumba yeye. Nalitaja kwa sababu siku ya mahafali hotuba za shukrani humwendea yule mmoja, na mwingine hukaa mstari wa nyuma. Nchi hii ina historia ndefu ya walimu wa namna yake: baada ya Azimio la Musoma la 1974, vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini vijijini ili watoto wote waingie shule, mpango ulioitwa UPE, na watu wengi wenye vyeo leo walishikwa mkono na mwalimu wa UPE. Hakuna shirika la nje lililowahi kuleta walimu kwa wingi kama ule.

Tena kijana aliyetoka Bukoba au Kyela akapewa vipindi Yaeda Chini amekwenda ng'ambo vilevile. Lugha ni ngeni, chakula kigeni, baridi ya Juni pale juu Mbulu inamshangaza, na wazee wa kijiji wanamuuliza alikotoka kama wanavyomuuliza Mnorwe. Naye anajikwaa katika mahudhurio. Tofauti ni kwamba hakuna aliyemwambia kwamba kujifunza Kiiraqw au Kidatoga ni sehemu ya kazi yake, na hakuna anayempigia makofi akijaribu. Akifanya alichofanya mgeni wa miaka miwili, akakubali kusahihishwa na watoto, atalifungua darasa vizuri zaidi, kwa sababu anao pia ushuhuda ambao mgeni hana: Kiingereza chake amekipata hapa hapa, katika dawati kama lile, akitoka lugha ya pili kwenda ya tatu.

Mlango sasa unafunguka pande zote mbili, na hilo linanipa matumaini. Tangu mwaka 2000 mpango wa Norwe wa kujitolea, ambao leo unaitwa Norec, umekuwa wa kubadilishana: vijana wa Kiafrika nao huenda Norwe kufanya kazi. Marekani, kupitia mpango wa Fulbright, huchukua walimu vijana wa Kitanzania kwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vyao kwa mwaka mmoja wa masomo. Mwalimu wa namna hiyo akirudi anajua kwa mwili wake jinsi mtu mzima anavyojisikia kuwa na mawazo makubwa na maneno machache. Huyo arudishwe kwenye shule ya kata, apewe kidato cha kwanza.

Mkuu wa shule ya Mbulu au Hanang anayepokea barua ya mwombaji kutoka nje ana haki ya kuuliza maswali, na anayo nguvu ya kukataa. Aulize kibali cha ukaazi daraja C, ambacho ndicho cha wajitoleaji, maana viza ya utalii haimruhusu mtu kufundisha. Aulize taarifa ya polisi ya nchi atokayo, kwa ajili ya usalama wa watoto. Aulize kama atakuja Januari pamoja na kidato cha kwanza na kukaa angalau hadi mtihani wa upimaji wa kidato cha pili, Novemba ya mwaka unaofuata. Aulize ataishi wapi na nani atamfundisha Kiswahili. Amwekee katika ratiba mwalimu mwenza kwa jina, na kama mwenza huyo ni wa kujitolea, bodi ya shule ikae na halmashauri na shirika linalomleta mgeni, iweke wazi kwamba posho ya Mtanzania ni sehemu ya makubaliano. Mashirika mengi yanaweza kuimudu. Hayajaombwa tu.